Viatu vya mtoto mdogo: namna ya kuvichagua bila kuumiza mguu wake

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, masoko yetu yanajaa viatu vya watoto. Kule Birere na Virunga mjini Goma, Kadutu mjini Bukavu, na pia ku masoko ya Bunia, Butembo, Uvira ao Kindu, utaona mama anainua kiatu kidogo juu, anauliza bei, kisha anauliza lile swali ambalo kila muuzaji analijua: "Hauna ya kupita hii? Atakomea ndani." Mtoto mwenyewe hayupo, amebaki nyumbani na dada yake. Kiatu kinanunuliwa kwa macho, na siku ya Bonana mtoto anavalishwa. Ikiwa ni kikubwa, anaanguka njia yote mpaka kanisani. Ikiwa ni kidogo, analia, nasi tunasema ni mkorofi.

Hatumlaumu mama yule. Kiatu kinaomba feza, na mguu wa mtoto unakomea haraka kupita mfuko wa mzazi. Lakini kuna njia nyepesi za kuchagua vizuri hata kwa feza kidogo, na hata kama mtoto amebaki nyumbani. Kwa makala hii tunaeleza mambo hayo, kuanzia mtoto mchanga mpaka yule wa miaka mitatu ao mine.

Mguu wa mtoto uko namna gani

Mguu mmoja wa mtu mkubwa una mifupa 26. Kwa mtoto mchanga, sehemu kubwa ya mifupa hiyo haijawa mifupa kamili. Bado ni gegedu, yaani kitu laini sawa ile ya sikio ao ya ncha ya pua. Inakauka polepole, na kazi hiyo inaendelea mpaka ujana. Juu ya hiyo, mguu wa mtoto unakubali kufinywa. Kiatu kikimbana, vidole vinajikunja ndani na mtoto anaweza kucheza siku nzima bila kulalamika. Kusema "angekuwa anaumia angelia" si kipimo cha kuaminika.

Jambo la pili: chini ya unyayo wa mtoto kuna mafuta mengi. Ndiyo maana mguu wake unaonekana bapa, bila ule upinde tunaouona kwa wakubwa. Wazazi wengi wanashituka na kutafuta viatu vya kurekebisha. Kwa mtoto mdogo hiyo si ugonjwa. Upinde unakuja wenyewe kadiri anavyokomea, na kwa watoto wengi unaonekana vizuri akifikia miaka sita hivi.

Jambo la tatu: mguu wa mtoto ni mpana ku vidole na mwembamba ku kisigino. Kwa hiyo kiatu chenye ncha nyembamba mbele, hata kama kinangaa namna gani, hakikutengenezwa kwa umbo lake.

Mbele ya kutembea, hana lazima ya viatu

Mtoto asiyetembea bado hahitaji viatu. Kazi ya kiatu ni kukinga mguu unaokanyaga chini, na yeye hakanyagi. Anachohitaji ni joto. Kule Lubero, Masisi ao ku milima ya juu ya Minembwe, ambako asubuhi ni baridi kali, shoseti safi ya pamba ao kiatu cha kufuma kwa uzi kinatosha. Angalia tu kwamba shoseti haibani: ukiivua na ukuta alama nyekundu inazunguka mguu, ni ndogo. Geuza pia shoseti nje na ndani mbele ya kumvalisha, kwani uzi uliolegea unaweza kujizungusha ku kidole kidogo na kukikata damu.

Vile viatu vidogo vya ubatizo tunavyovipenda, vya ngozi nyeupe na soli ngumu, ni vya sherehe tu. Mvalishe kwa picha na kwa ibada, kisha vua.

Wengine wanadhani kumvalisha viatu mapema kutamfanya atembee mapema. Hapana. Watoto wengi wenye afya wanaanza kutembea peke yao kati ya mwezi wa 8 na mwezi wa 18. Mtoto wa jirani akianza kwa miezi 9 na wako kwa 15, wote wawili wako sawa. Na kile kiti chenye magurudumu wanachokiita yupala hakimfundishi kutembea. Kinaweza hata kumchelewesha, na kinaangusha watoto ku ngazi ao kuwasukuma karibu na mbabula yenye moto. Inchi ya Kanada ilikataza kuviuzisha tangu 2004.

Akianza kutembea: ndani pekupeku, inje na viatu

Hapa kuna jambo ambalo bakoko zetu walilijua bila kusoma kitabu: mguu mtupu ndio mwalimu wa kwanza wa kutembea. Mtoto akikanyaga chini kwa ngozi yake, vidole vinashika, misuli inafanya kazi, na anajifunza kujiweka sawa. Basi ndani ya nyumba safi, juu ya mkeka ao sima iliyofagiliwa, mwache atembee pekupeku. Shoseti peke yake juu ya sima laini inateleza.

Inje ni habari ingine. Kule Goma, tangu volkano Nyiragongo ilipotapika tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mitaa mingi imejengwa juu ya mawe ya lava. Mawe hayo yanakata sawa chupa iliyovunjika. Kwingine ni misumari ya mbao za kujenga, vipande vya mabati na vioo karibu na masoko. Hapo mtoto anapashwa kuvaa kiatu chenye soli.

Kuna pia maadui wasioonekana. Minyoo ya safura inakaa ndani ya udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo cha watu. Inaingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu, kisha inanyonya damu tumboni, na mtoto anakosa nguvu na kupauka. Halafu kuna funza, kile kidudu kinachoingia ku vidole na kuvimba. Funza si ya asili ya Afrika: ilitoka Amerika ya Kusini, ikafika ku pwani ya Angola mwaka 1872 pamoja na meli iliyotoka Brazili, na mu miaka isiyozidi thelathini ikavuka bara lote mpaka ku Bahari ya Hindi. Inapenda vumbi kavu la nyumba za udongo, na inabebwa pia na imbwa na nguruwe. Kiatu kinasaidia kuizuia, lakini unapashwa pia kumwangia sakafu maji na kufagia. Na ukitoa funza, usitumie sindano moja kwa watoto wote wa nyumba, kwani damu ya mmoja inaweza kupeleka ugonjwa kwa mwingine.

Tusisahau tetanosi. Msumari unaweza kupita hata soli. Kinga ya kweli ni chanjo ya penta, inayotolewa kisha kuzaliwa kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama mtoto wako alikosa moja, mpeleke ku kituo cha afya, hata kama umechelewa.

Namna ya kupima mguu nyumbani

Hauhitaji mashine. Tafuta karatasi, kalamu, na kipande cha karto.

1. Pima mchana ao jioni, si asubuhi. Kisha kutembea siku nzima, mguu unavimba kidogo, na kiatu kinapashwa kuuenea saa hiyo.

2. Simamisha mtoto juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta. Usimpime akiwa amekaa ao amelala: akisimama, uzito wake unanyoosha mguu na unakuwa mrefu zaidi. Mtu mwingine amshike mikono na kumwimbia, ili asikunje vidole.

3. Weka alama mbele ya kidole kirefu. Kwa watoto wengi ni kidole kikubwa, lakini kwa wengine ni cha pili.

4. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja unapita mwingine. Chukua kipimo cha ule mkubwa.

5. Ongeza sentimetri 1 mbele ya alama hiyo. Hapo ndipo vidole vinapata nafasi ya kusogea wakati wa kutembea.

6. Kata karto kwa urefu huo, upana kama kidole chako kimoja. Hiyo njo kipimo chako.

Sasa mtoto anaweza kubaki nyumbani. Ukifika ku soko, ingiza karto ndani ya kiatu. Ikiingia mpaka mwisho na kulala bapa bila kujikunja, urefu ni mzuri. Ikijikunja, kiatu ni kidogo, na usikubali maneno ya "itajivuta". Ikiingia na kubakiza nafasi kubwa kisha karto, kiatu ni kikubwa sana.

Kama mtoto yuko, mvalishe viatu vyote viwili na umsimamishe. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse mwisho, kisha jaribu kuingiza kidole chako kidogo nyuma ya kisigino. Kikiingia kwa kubana kidogo, ni sawa. Kikiingia kwa ulegevu, ao kama vidole viwili vinaingia, huo ni mtumbwi. Mwache atembee hatua kumi: kisigino kikitoka kwa kila hatua, kiatu hakimfai.

Numero zinadanganya, kipimo hakidanganyi

Viatu vingi tunavyoviona vina numero za Ulaya: 18, 20, 22 na kuendelea. Hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wa mguu kwa sentimetri, ongeza 1, kisha zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimetri 11 unahitaji 18. Mguu wa 13 unahitaji 21. Mguu wa 15 unahitaji 24. Ukipata nusu katikati, panda ku numero ya juu.

Lakini numero ni mwanzo tu. Kuna viatu vyenye numero za Uingereza, ambako 4 ya mtoto ni karibu na 20 yetu, na vingine vina numero za Marekani, ambazo ni tofauti tena. Hata viwanda viwili vinavyotumia numero za Ulaya havikubaliani kila mara: 21 ya huyu inaweza kuwa sawa na 20 ya yule. Usiulize tu "anavaa ngapi?" Ingiza karto ndani.

Vilevile usifuate umri. Muuzaji akikuambia "hii ni ya mwaka moja na nusu", anakisia. Watoto wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kupishana numero mbili.

Majaribio ya mikono mbele ya kulipa

Chukua kiatu mikononi na ufanye majaribio haya. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Kunja. Shika kisigino kwa mkono mmoja na mbele kwa mwingine, kunja. Kinapashwa kukunjika pale vidole vinapoanza, bila wewe kutumia nguvu. Kama wewe mkubwa unatoa jasho kukikunja, mtoto wa kilo kumi atafanya nini? Kikikunjika katikati kabisa sawa karatasi, soli haina kazi.

Bonyeza kisigino. Nyuma panapashwa kuwa na ugumu kiasi ili mguu usicheze huku na huku.

Angalia umbo. Weka kiatu chini na ukitazame kwa juu. Mbele pawe mviringo na mpana, si ncha. Vidole vitano vipate kulala bila kupandana.

Angalia soli. Iwe bapa, nyepesi, na yenye mistari ya kushika chini. Kipindi cha mvua, soli laini juu ya tope ya Bukavu ao ya Butembo ni kuanguka tu. Kisigino kirefu hakifai kwa mtoto mdogo, hata kwa binti wa sherehe.

Ingiza vidole vyako ndani. Pitisha pote polepole. Unatafuta mshono mgumu, gundi iliyokauka, ncha ya msumari. Kitu kinachokukwaruza wewe kitamtoa yeye malenge.

Angalia namna ya kufunga. Kiatu kizuri kwa mtoto kinafungwa juu ya mguu: kamba, kifungo, ao ile skrachi inayolia krrr ukiivuta. Kufunga njo kunashika mguu nyuma. Kiatu cha kutumbukiza tu kinamlazimisha kukunja vidole kila hatua ili kisitoke.

Vuta mapambo. Kipepeo, ushanga, kifungo cha kungaa: kama kinatoka ukivuta, kitaishia mdomoni mwa mtoto na kinaweza kumkaba roho.

Aina tunazozikuta ku soko

Kambambili. Zina bei nafuu na zinakauka haraka, lakini kwa mtoto anayeanza kutembea hazifai: hakuna kinachoshika kisigino, na anaburuta miguu. Ziachie kwa kwenda ku choo ao kuoga, akiwa amekwisha kukomea kidogo.

Sandali zenye kamba nyuma. Kule ku joto, sawa Uvira, Kalemie ao Kindu, hizi njo rafiki wa mtoto. Hewa inapita, kisigino kinashikwa. Chagua zile zinazofunika vidole mbele, kwani mawe na mizizi havina huruma.

Viatu vya plastiki. Vinaoshwa kwa urahisi, na wengi wetu tulikomea ndani yake. Ubaya wake: mguu unatoa jasho, na plastiki ngumu inakata nyuma ya kisigino. Kama ndiyo uwezo, chagua plastiki laini yenye matundu, na umpe saa za kupumzisha mguu.

Bote za mvua. Nzuri kwa tope na kwa shamba, kwa saa chache na pamoja na shoseti. Si za kushinda nazo. Akirudi, vua, pangusa mguu, kausha katikati ya vidole. Hapo ndipo kuvu inapenda kukaa na kuwasha.

Baskete. Za nguo ni nyepesi na zinapitisha hewa. Zile nzito zenye soli nene sawa za wacheza mupira wakubwa ni mzigo kwa mtoto.

Viatu vya kuwaka taa na vya kulia pii-pii. Watoto wanavipenda sana. Lakini ndani ya vile vya taa mara nyingi kuna betri ndogo ya mviringo. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo na utumbo kwa saa chache. Kiatu cha aina hiyo kikipasuka soli, usimwachie mtoto acheze nacho. Na ukijua ao ukishuku amemeza betri, kimbia hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuona kama itatoka.

Viatu vya mitumba na vya kurithi

Tuseme ukweli: watoto wengi wa kwetu wanavaa kiatu kilichotoka mu balo ao kilichokuwa cha kaka. Si dhambi. Shida ni kwamba kiatu kinachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kama yeye alikuwa anakanyagia upande mmoja, kiatu kinamsukuma wako ku upande huo.

Basi geuza soli. Kama imeisha upande mmoja tu, rudisha. Weka viatu viwili juu ya meza na uvitazame kwa nyuma: vinasimama wima ao vinalala? Angalia ndani kama kuna mashimo ya vidole vya mtu mwingine yaliyochimbika sana. Angalia kama vyote viwili ni numero moja, kwani mu balo mara nyingi vinachanganyika. Kiatu cha mitumba kilichovaliwa kidogo kinaweza kuwa bora kupita kipya cha plastiki ngumu.

Mbele ya kumvalisha, toa kitambaa cha ndani kama kinatoka, osha kwa maji na sabuni, na kausha kabisa kwenye jua na hewa, siku mbili ao tatu. Kama soli inaachana kidogo, fundi wa viatu wa mtaa atashona kwa feza kidogo. Mwombe tu akunje ncha za uzi na za misumari, zisibaki ndani.

Kama feza ni ya jozi moja tu

Wazazi wengi wanatumia feza yote kwa kiatu cha siku ya yenga, na siku sita zingine mtoto anatembea na kile kilichoraruka. Geuza mpango huo. Kiatu cha kila siku njo kinastahili feza, kwani ndicho kinachoshika mguu saa nyingi. Kikiwa safi, kinaingia kanisani bila haya. Na kile cha sherehe, kama unacho, kinaweza kuzunguka kati ya watoto wa jamaa, kwa sababu kinavaliwa saa chache.

Usinunue kikubwa sana ili "akomee ndani". Nafasi ya sentimetri 1 tayari ni ya kukomea. Kiatu kinachopita numero mbili kinamwangusha leo, na siku kitakapomfaa kitakuwa kimekwisha kuharibika. Kuweka karatasi ao pamba mbele hakusaidii: kiatu bado kinakunjika mahali pasipo pa vidole.

Lini kubadilisha

Mbele ya miaka miwili, angalia mguu kila miezi miwili. Kati ya miaka miwili na mitatu, kila miezi mitatu ao mine. Usingoje aombe. Ingiza upya kipimo cha karto. Kama nafasi mbele haifiki nusu sentimetri, saa imefika.

Alama zingine: vidole vimekunjika ao vina wekundu ukivua, kuna malenge ku kisigino, mtoto anakimbia kiatu ao anakivua kila mara, amerudi kuanguka wakati alikuwa amezoea kutembea, soli imeisha upande mmoja.

Na kila asubuhi, tikisa kiatu mbele ya kukivaa. Nge, buibui na tandu wanapenda giza.

Yanayosemwa mtaani

"Kiatu kigumu kinakaza mguu." Si kweli. Misuli inakazwa na kutembea.

"Bote ndefu zinanyoosha miguu iliyopinda." Watoto wengi wana miguu ya upinde mpaka karibu miaka miwili, kisha kufikia miaka mitatu ao mine magoti yanaelekeana, na mu miaka ya saba hivi miguu inanyooka yenyewe. Kiatu cha soko hakiingii mu kazi hiyo.

"Akivaa vya kushoto kulia atapinda." Hatapinda, lakini ataanguka. Chora nusu ya picha ndani ya kila kiatu, ili zikikaa vizuri zikutane. Atajifunza haraka.

Kwenda kwa muganga, si ku soko

Kuna shida ambazo hakuna kiatu cha dukani kinaweza kuzitatua. Mpeleke mtoto ku kituo cha afya kama: amefikisha miezi 18 na hatembei, mguu mmoja tu umepinda, ao upinde unazidi badala ya kupungua, anachechemea, mguu unauma, umevimba ao ni mgumu kukunja, kisha miaka mitatu bado anatembea kwa ncha za vidole kila wakati. Na kama mtoto aliyekuwa anatembea ameamka mguu umelegea bila nguvu, nenda siku hiyohiyo: inaweza kuwa polio, na waganga wanapashwa kujua mara moja.

Mtoto anayezaliwa na mguu uliogeuka ndani, unyayo ukitazama upande wa mwenzake, naye anahitaji muganga, si viatu vya nguvu na si kufungwa mbao. Si laana, na mama hakukosea kitu. Ulimwenguni ni karibu mtoto 1 kati ya 1000. Dawa yake inaitwa njia ya Ponseti, kwa jina la Ignacio Ponseti, muganga mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani. Mguu unanyooshwa polepole kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara nyingi kwa wiki tano mpaka saba, na watoto wengi wanakatwa kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino. Kisha mtoto anavaa viatu vya pekee vilivyounganishwa na chuma: saa 23 kwa siku mu miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala mpaka miaka mine ao mitano. Hapo ndipo jamaa nyingi zinachoka, zinaona mguu umenyooka na kuacha viatu hivyo. Mguu unarudi kupinda. Ukianza mapema, wiki za kwanza kisha kuzaliwa, na ukivumilia viatu vile mpaka mwisho, mtoto anaweza kukimbia na kucheza mupira kama wengine. Mbele ya yote, uliza kituo cha afya cha kwenu. Kwa matunzo ya mifupa na walemavu, HEAL Africa mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu ni kati ya mahali panapojulikana.

Kwa ufupi

Nyumbani pekupeku, inje na kiatu. Pima akiwa amesimama, jioni, miguu yote miwili. Ongeza sentimetri 1, si numero mbili. Mbele pana, nyuma pashike, soli ikunjike pale vidole vinapoanza. Feza iende kwa kiatu cha kila siku.

Na ukienda ku soko kesho, usisahau karto yako. Muuzaji akicheka, mwache acheke, na umwonyeshe namna ya kuitumia: naye ana watoto nyumbani.